Shira ya Kutikisa

Mwanangu aliondoka na moto wa nyumba ndani ya mkoba wake wa kazini. Si fumbo hilo. Alikizungusha kile kidude cha juu ya mtungi wa gesi, ambacho bila hicho mtungi ni kigoda tu, akakifunga kwenye mfuko wa plastiki, akakisukumiza katikati ya makaratasi yake, akavuta zipu mpaka mwisho.

"Mama, jiko litarudi ukiomba msamaha."

"Nimwombe nani?"

"Mimi."

"Kwa kosa lipi?"

Alinyoosha kidole kwenye shati. Lilikuwa limetundikwa kwenye kitasa cha mlango tangu jana yake, jeupe mgongoni, na kifuani lina madoa ya kahawia yaliyokauka yakakakamaa, hata ukiligonga kwa kucha linalia. Najua kwa sababu nililigonga. Likalia. Nikacheka.

"Unaona?" akamgeukia mkewe. "Unamwona anavyocheka?"

Mkwe wangu ni muuguzi. Alikuwa ametoka zamu, amekaa kwenye kochi amevua kiatu kimoja, cha pili hana nguvu nacho. "Mimi nimelala," akasema, macho kodo.

Mwanangu akatoka. Hatua zake nikazisikia ngazi nzima, zile za mtu anayetaka asikike.

Sasa nieleze, na nitaeleza yote, hata yale yanayonikalia vibaya.

Mimi natengeneza shira. Sukari na maji, basi, hakuna uchawi. Kikombe kwa kikombe, sufuria, moto wa wastani, punje ziyeyuke mpaka uone chini ya sufuria kama unaangalia kioo. Unaipua, inapoa, unaitia kwenye chupa safi, chupa inaingia kwenye friji. Kuna watu wananiuliza kwa nini nijitaabishe na sukari ipo. Hao hawajawahi kutia sukari kwenye juisi ya ndimu yenye barafu. Kinywaji cha baridi na sukari hawaelewani. Utakoroga mpaka bega likuume, sukari imejikalia chini ya glasi kama mgeni aliyegoma kuaga. Juu unakunja uso kwa uchachu, chini unatafuna mchanga. Shira inaingia bila kubisha hodi. Anayetaka kijiko kimoja, kimoja. Anayetaka vitano, ni meno yake.

Na wa kuwanywesha ninao. Chini yetu, ghorofa ya kwanza kabisa, kuna karakana ya ushonaji. Mafundi sita, cherehani sita za miguu, dirisha moja ambalo linafunguka nusu. Saa tisa na nusu ya kila siku ya kazi nawateremshia jagi la juisi ya ndimu, jagi la chai ya baridi, na chupa ya shira pembeni kila mtu ajipimie. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu nistaafu. Nilifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja, na siku niliyorudisha funguo za chumba cha kufulia niligundua kwamba mikono yangu haijui kukaa. Ikikaa inaniuma. Kwa hiyo nikaipa kazi.

Kikombe changu cha kupimia kilivunjika mpini, halafu kikavunjika chenyewe. Sasa, mwanangu ana pasi ya mvuke. Pasi hiyo ilikuja na kikombe chake cha plastiki, chenye mdomo mrefu kama wa korongo, cha kuijazia maji. Kina mistari ya kipimo, mizuri, inasomeka bila miwani. Nikakichukua. Hilo ndilo kosa langu, na naliandika kwa herufi kubwa.

Jumapili alasiri nikapika shira. Chupa ikajaa, ikabaki kidogo ya kuonea uchungu kumwaga. Nikaimimina kwenye kile kikombe cha korongo, nikakiweka ipoe pale penye upepo. Na penye upepo katika nyumba yetu ni mahali pamoja tu, dirishani, kando ya meza ya kupigia pasi. Nikaendelea na mengine. Nikaisahau.

Shira iliyopoa ni kama maji. Haina rangi, haina harufu, haina wasiwasi. Jumatatu asubuhi mwanangu alikuwa na siku yake kubwa: kusimama mbele ya wakubwa wa kazini kueleza kwa nini yeye ndiye apewe kuongoza idara. Akachomeka pasi. Akaona kikombe cha pasi, mahali pa pasi, kina maji ya pasi. Akamimina.

Sukari ikikutana na chuma cha moto haiombi ruhusa. Pasi ilikohoa, ikanguruma, ikatema kahawia kifuani pa shati jeupe ambalo ndilo pekee lililokuwa safi. Hayo nimesimuliwa na mkwe. Mimi nilikuwa chini kwa mafundi, nasuuza glasi za Ijumaa. Mwanangu alikwenda mbele ya wakubwa amevaa koti lililofungwa vifungo vyote mpaka kooni, joto la siku ile unalijua, akatoka jasho kama mtu aliyeficha kitu.

Angekuwa mama mwingine, ingekuwa ajali. Lakini mimi nina faili. Ni mimi niliyembadilishia sukari kwa chumvi siku alipomleta mwalimu wake nyumbani. Ni mimi niliyemshonea miguu ya pajama alipokuwa na miaka kumi na mbili, akaanguka kitandani kama gunia. Ni mimi niliyemwambia akimeza mbegu ya chungwa mti utamwotea tumboni, akawa hanywi maji siku mbili asije akaumwagilia. Za mwizi ni arobaini, wanasema. Yangu ya arobaini ikafika siku ambayo sikuiba.

Na kuomba msamaha nilikataa.

Jioni ya Jumanne, siku ile ile aliyoondoka na gesi, mwanangu akiwa anaoga na kidude kimesharudi kwenye mtungi ili mkewe apike, mkwe alinisogelea jikoni. Alikuwa anamenya vitunguu, na machozi ya vitunguu yalimsaidia kuonekana anaomba kweli.

"Mama, neno moja tu. Sema samahani. Halivunji mfupa."

"Nani kakwambia?"

"Ameumia. Anaona umemchezea siku ya maana."

"Na wewe unaonaje?"

Akakatakata kitunguu muda mrefu kuliko kinavyostahili. "Mimi naona pasi imekufa."

"Jibu la muuguzi hilo."

"Mama."

"Sikiliza, mwanangu. Nikiomba msamaha wa nisilolifanya, kesho mlango ukilia ni mimi. Chumvi ikipungua ni mimi. Soksi moja ikipotea, mnakuja kunikagua mifuko. Nitaishi humu ndani kama mfungwa aliyepewa likizo. Yeye aseme, Mama, sina hakika. Hilo nitalipokea. Lakini ametoka na hukumu na gesi kwa pamoja."

"Basi mtakuwa hivi mpaka lini?"

"Mwulize Meneja."

Hilo la Meneja ni jina nililompa mwenyewe. Alikuwa na miaka minne, anapanga viatu vya wageni mlangoni na kuwauliza kwa nini wamechelewa.

Kila asubuhi kidude kikaenda kazini, kila jioni kikarudi. Moto wa jioni ulikuwa wa mkwe; mimi sikuugusa, maana moto wenye masharti siutaki. Mchana mzima jiko letu likawa fanicha. Birika la umeme lilikwishaungua mwaka jana, na kabla hujauliza, hapana, hilo pia sikuliua mimi. Chakula cha mchana nilikula kiporo cha baridi, na kiporo hakijawahi kumshinda mtu aliyefua damu za watu miaka thelathini na mmoja. Chai ya baridi ilikuwa rahisi: majani unayatumbukiza kwenye maji usiku, asubuhi yameshatoa rangi yenyewe. Ndimu haijui moto. Iliyobaki ni shira. Chupa ya Jumapili ilitosha Jumatatu na Jumanne. Jumatano ikawa tupu.

Fundi mkuu wa karakana ni rafiki yangu wa siku nyingi. Tunamwita Pindo, kwa sababu hawezi kukutana na mtu bila kumtazama kwanza pindo la nguo. Nilimweleza kisa, akaacha kukata kitambaa.

"Kakunyang'anya moto?"

"Kauazima kwa nguvu."

"Njoo upike kwangu. Jiko langu hili hapa nyuma."

"Sitaki."

"Jirani wa mbele yako ana jiko la mafuta."

"Simtaki na huyo. Nikianza kuzunguka na sufuria naomba moto, mtaa mzima utajua mwanangu kanifanyia nini. Nimgombanishe na mtaa? Ugomvi wetu ni wa ndani, na nitaushinda ndani."

"Kwa hiyo watu wangu watakunywa ndimu kavu."

"Watu wako watakunywa shira."

Nilisema hivyo mdomo ukiwa mbele, akili ikiwa bado inavaa viatu.

Sukari inayeyuka kwenye maji ya baridi, hilo nililijua. Kinachotakiwa ni subira, na mimi subira sikuzaliwa nayo. Jumatano nikatia kikombe cha sukari na kikombe cha maji safi ya kunywa kwenye chupa, nikafunga, nikatikisa. Nikatikisa mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Nikasema imetosha. Nikateremka nayo.

Fundi mmoja, mwanamume mnene mwenye watoto watatu, tunamwita Vifungo kwa sababu shati lake kila siku limepungukiwa na kimoja, ndiye aliyejimiminia wa kwanza. Akanywa. Akatafuna.

"Mama Meneja, hii juisi ina mifupa."

Wakacheka wote. Cherehani zikasimama.

"Ni kokoto au ni changarawe?" mwingine akauliza. "Tujue kama tunakunywa au tunajenga."

"Nyie kunyweni," nikasema. "Mnalalamika kama mlizaliwa na midomo ya hariri."

"Hatulalamiki, Mama. Tunaomba tu koleo."

Nilirudi juu na chupa ina kidole kizima cha sukari chini, na masikio yananiwaka. Nilikaa kwenye kigoda changu cha gesi, maana mtungi nilikuwa naukalia sasa kwa makusudi, nikafikiri. Ningeweza kumpigia simu mwanangu pale pale nikamaliza. Samahani, Meneja, umeshinda, lete moto. Neno moja. Nililiweka mdomoni kulionja. Likawa na mifupa kuliko ile juisi.

Kitu nilichopungukiwa si nguvu, ni muda wa kutikisa. Mkono wangu una dakika tano. Sukari inataka zaidi, inataka mtu asiyechoka, anayetikisa, anapumzika, anatikisa tena. Na nikiwa nimekaa pale, nikasikia chini yangu, kupitia sakafu, kile ninachokisikia kila siku hata nimeacha kukisikia: miguu sita ya cherehani inapanda na kushuka.

Alhamisi asubuhi nikateremka kabla mafundi hawajatandika kazi. Nilinunua sukari ile yenye punje ndogo ndogo. Nikapima kikombe kwa kikombe, kwa kikombe cha chai cha mkwe, kile cha korongo sikukigusa. Nikafunga chupa, nikaizungushia mfuko wa plastiki isije ikavuja kwenye nguo za watu, nikaiviringisha kwenye vitambaa chakavu, nikapiga magoti mbele ya cherehani ya Vifungo.

"Mama, unaniomba msamaha?" akaniuliza.

"Nyanyua mguu."

Nikaifunga chupa juu ya pedali, upande wa nyuma ambako unyayo wake haufiki, ikalala pale kama mtoto mgongoni.

"Sasa shona."

Alimtazama Pindo. Pindo alikuwa na pini tatu mdomoni, akatikisa kichwa kwa maana ya mfanyie anavyotaka, huyu mwanamke hana dawa. Vifungo akakanyaga. Pedali ikaenda mbele, ikarudi nyuma, chupa ikaenda nayo, na ndani yake sukari ikaanza kuporomoka, ncha hii mpaka ncha ile, kama mchanga unaosafiri. Alishona ukosi mmoja. Akashona wa pili. Alipokuwa anabadilisha uzi, chupa ilipumzika, na hiyo ndiyo ilikuwa dawa yenyewe, maana wakati wa kupumzika yale mawingu meupe yalianza kupanda juu na chini kukawa kweupe.

"Nina mimba ya chupa," Vifungo akasema.

"Utajifungua saa nne," nikamjibu.

Saa nne kasoro nikaifungua. Nikainua dirishani. Hakuna punje. Angavu, nzito, inateremka polepole kwenye kuta za chupa kama isiyotaka kuondoka. Nilimwekea Vifungo kijiko kimoja kwenye glasi ya ndimu, nikakoroga mara mbili. Akanywa. Mafundi wote watano wakamtazama koo.

Akaiweka glasi chini. "Koleo mrudisheni mwenyewe."

Siku ile ile wakagombea. Kila mmoja anataka chupa ifungwe kwenye pedali yake. Pindo akapanga zamu. Na mimi nikawa nafanya kidogo kidogo, chupa moja kwa siku, kwa sababu shira isiyopita motoni haidumu kama ndugu yake. Ukiipa siku nyingi inaanza kukutengenezea mambo yake. Ya kesho iwe ya kesho. Inayobaki nikaiweka kwenye friji juu.

Hapo kwenye friji ndipo mwanangu alipoikuta.

Ijumaa alirudi mapema, saa nane na dakika zake. Mimi nilikuwa chini. Alifungua friji kutafuta maji, akaona chupa ya shira mpya, imebaki zaidi ya nusu, angavu. Kidude cha gesi kiko kwenye mkoba wake. Mkwe ananiambia alisimama na mlango wa friji wazi mpaka friji ikaanza kulia. Kisha akatafuta. Alitafuta jiko la siri. Alichungulia chini ya kitanda changu, akafungua kabati la nguo zangu, akanusa mapazia. Akanusa mapazia, mtu mzima, anayetaka idara.

Halafu akateremka. Nilimwona mlangoni amesimama, tai imelegea, chupa mkononi.

"Mama. Moto umeutoa wapi?"

Cherehani zikapunguza mwendo. Hazikusimama, maana zikisimama itaonekana wanasikiliza.

"Msalimie kwanza fundi. Ni mkubwa wako huyu."

"Shikamoo," akamwambia Pindo bila kumtazama.

"Marahaba. Suruali yako imefumuka pindo."

"Mama, nakuuliza. Umewasha nini ndani ya nyumba? Unajua hatari yake? Ukiwa peke yako, mlango umefungwa?"

Nilinyoosha kidole chini ya cherehani ya Pindo, ambaye zamu ilikuwa yake. Mwanangu akainama. Akaona miguu ya Pindo inakanyaga, na chupa iliyoviringishwa vitambaa inakwenda na kurudi. Akabaki ameinama.

"Nini hicho?"

"Jiko langu," nikasema.

Mafundi wakacheka kwa pua, kazi zikiendelea. Yeye hakucheka. Alijinyanyua, na nilimwona usoni kwamba alikuwa amekuja na ugomvi mkubwa na sasa hajui auweke wapi.

"Kwa hiyo uko tayari kufanya haya yote," akasema, "kufunga machupa kwenye miguu ya watu, kuliko kuniambia samahani."

"Naam."

"Siku yangu moja, Mama. Siku moja katika maisha yangu niliyotaka iende sawa."

Hapo sauti yake ilikatika kidogo, na mimi ni mama yake, sauti hiyo naijua tangu haina meno. Nikavuta kigoda, nikamwambia akae. Hakukaa. Basi nikasimama na mimi, tulingane.

"Unataka msamaha? Chukua. Kikombe cha pasi nilikichukua bila kukuambia, nikakitumia kwa kazi yangu, nikakiacha na shira pale dirishani. Kwa hilo nakuomba radhi, mbele ya mashahidi sita. Kikombe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ile mbegu ya chungwa, nakuomba radhi. Pajama, radhi. Chumvi ya mwalimu, sikuombi radhi, mwalimu yule alistahili. Na siku ya harusi yako, pete ilipokwama mfukoni, ukahangaika mbele ya watu mpaka ukamkaripia msimamizi wako kwamba kakupa koti bovu. Mfuko haukuwa mbovu. Ulishonwa. Nyuzi mbili tu, za rangi ile ile."

Pindo alikohoa pini nusura aimeze.

Mwanangu akamgeukia. "Na wewe?"

"Mimi nilishona nilichoambiwa," Pindo akasema. "Mimi ni fundi."

"Miaka mitatu," mwanangu akasema taratibu, "miaka mitatu nimemlaumu rafiki yangu."

"Basi umjue wa kumlaumu," nikasema. "Yote niliyoyafanya ni yangu na nayabeba. Lakini hili la shati silo langu na sitalibeba, hata ukichukua gesi, ukachukua maji, ukang'oa na mlango. Unajua siku ya pete nilikuwa wapi?"

"Mstari wa mbele."

"Siku ya pajama?"

"Mlangoni."

"Mbegu ya chungwa?"

"Ulikuwa unaniletea maji kila nusu saa. Unanitazama ninavyokataa."

"Jumatatu shati linaungua nilikuwa wapi?"

Akaitazama chupa mkononi.

"Nilikuwa hapa chini, nasuuza glasi. Waulize hawa. Tangu nizaliwe sijawahi kufanya mzaha nisiouona kwa macho yangu. Ni sawa na kupika na kwenda zako bila kula. Na jambo la pili. Miaka thelathini na mmoja nimefua vitu vyeupe. Kila kitu nimekichezea maishani, Meneja, hata maiti wa hospitali nimewatania. Nguo nyeupe sijawahi."

Pedali ya Pindo tu ndiyo ilikuwa inaenda.

"Na hilo shati linatoka," nikamalizia. "Ni sukari tu. Linataka maji ya moto na mtu anayejua. Lingekuwa limetoka tangu Jumanne. Wewe ndiye uliyeondoka na maji ya moto."

Alifungua mkoba. Akakitoa kidude kwenye mfuko wake wa plastiki, akakiweka juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na mkasi. Mafundi wote wakakitazama kama wamewekewa samaki.

"Chukua," akasema.

"Sikukitoa mimi."

"Mama, chukua twende."

"Mkono uliokifungua ndio utakaokifunga. Mimi nina watu wa kuwanywesha."

Nikageuka nikaanza kumimina ndimu. Saa tisa na nusu ilikuwa imefika. Nilimpa kila mtu glasi yake, na chupa ya shira ikazunguka, na Vifungo akamsogezea mwanangu glasi moja pembeni ya mkoba.

"Kunywa, Bosi. Hii haina mifupa."

Mwanangu aliitazama glasi ile kama mtu aliyelelewa na mimi. Akainusa. Akaniangalia. Nikamwangalia. Akanywa yote, akiwa bado hajaniamini, na hilo nililiheshimu.

Alisubiri nikusanye glasi. Tukapanda ngazi, yeye mbele na kidude mkononi, mimi nyuma na majagi. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyote viwili, akatupisha bila kuuliza. Mwanangu akapiga magoti jikoni, akakifunga kidude juu ya mtungi, akakizungusha, akanusa kama kuna uvujaji, akawasha. Moto ukatoka wa bluu.

Akabaki pale chini.

"Bado sijaamini, Mama. Nakwambia ukweli."

"Sikukuomba uniamini. Nilitaka moto."

Alitazama shati kwenye kitasa, akanitazama mimi, anasubiri niweke maji. Niliweka sufuria ndogo. Nikatia kikombe cha sukari, nikatia kikombe cha maji.

"Na shati?" akauliza.

"Lipo foleni. Shira ya moto inakaa wiki kadhaa kwenye friji, na mimi nimechoka kuomba miguu ya watu."

Akaja akasimama karibu yangu. Punje zikayeyuka, maji yakakaa angavu, yakaanza kutoa mapovu pembeni. Akachukua mwiko, kwa kusaidia nadhani, au kwa kutaka kuonekana anasimamia, akauzamisha akaanza kukoroga.

Nikampiga kofi mkononi.

"Ikishachemka haikorogwi. Ukiikoroga inarudi punje."

"Nifanye nini sasa?"

"Hakuna. Simama hapo uangalie."

Akauweka mwiko chini, akaangalia.